Uzi: Mwanafunzi asiye na makaratasi katika darasa lako la chuo Marekani

Mwalimu wa Takwimu ameandika:

Wanajamvi, salamu kwenu nyote. Katika jukwaa hili la ughaibuni tumeanzisha nyuzi nyingi kuhusu kubeba maboksi, visa na grinikadi, lakini sijaona hata mmoja unaomhusu mtoto aliyeletwa Marekani akiwa na miaka mitano, akasoma shule zote huku, na leo ameketi chuoni bila karatasi yoyote inayomruhusu kuwepo. Ninafundisha takwimu katika chuo cha umma cha jimbo moja la katikati ya nchi, na huu ni mwaka wangu wa 11. Nawaandikia hasa wahadhiri na wasaidizi wa kufundisha wenzangu kutoka Kenya, Tanzania, Uganda na Kongo, kwa sababu wanafunzi wa namna hii hututazama kwa jicho la pekee: wanatumaini kwamba sisi tutaelewa, na papo hapo wanatuogopa kuliko wanavyomwogopa Mmarekani.

Hofu hiyo niliijua kwa kosa langu mwenyewe. Nilikuwa na mwanafunzi wa mwaka wa pili aliyekaa siku zote kwenye kiti cha karibu na mlango, na mazoezi yake yalikuwa safi kiasi kwamba niliyatumia kusahihishia ya wenzake. Idara ilipopata fedha za kumwajiri mwanafunzi wa kusafisha data, kwa dola 15 kwa saa, nilimwendea yeye kwanza. Alishukuru akasema ana majukumu nyumbani. Wiki iliyofuata nikamwambia tena, akanipa jibu lile lile. Mara ya tatu nilimsimamisha kwenye korido, mbele ya wenzake wawili, nikamtaka aniambie tatizo hasa ni nini. Aliuzungusha mkanda wa begi kwenye kidole mpaka ncha ya kidole ikabadilika rangi, akangoja wale wawili wapite, kisha akanijibu kwa Kiswahili, lugha ambayo kwa miezi minane sikujua kwamba anaijua: "Mwalimu, sisi hatuna makaratasi." Alikuwa amekificha Kiswahili chake makusudi, kwa kuwa Mswahili akikutana na Mswahili ughaibuni, swali linalofuata salamu ni "Mlikuja lini, na kwa njia gani?"

Kosa la pili lilikuwa kubwa zaidi, nalo nililifanya kwa nia njema. Jioni ile ile niliandika barua pepe kwa ofisi ya misaada ya fedha, nakala kwa mkuu wa idara na kwa mshauri wake wa masomo, na katika sentensi ya kwanza nikaeleza kwamba binti fulani, namba yake ya usajili ni hii, hana makaratasi na anahitaji msaada. Kesho yake asubuhi mwenzangu mmoja, mama mtu mzima aliyefundisha hapo kabla sijazaliwa kitaaluma, aliingia ofisini kwangu, akafunga mlango, akasema maneno machache tu: "Umeiandika." Kisha akanieleza nisilolijua. Sheria ya FERPA ya mwaka 1974 inalinda kumbukumbu za mwanafunzi zisitolewe ovyo, lakini inafungua mlango pale inapokuja amri ya mahakama au samansi halali; na barua pepe ya mtumishi wa chuo cha umma inaweza pia kuombwa na watu wa nje kwa sheria za jimbo za kupata taarifa. Nilikuwa nimetengeneza waraka ambao kabla ya jioni ile haukuwepo popote. Binti yule alipata habari, akakosa darasa kwa wiki mbili. Alirudi, lakini hakuketi tena peke yake na mimi ofisini.

Tangu hapo nina kanuni moja. Simuulizi mwanafunzi yeyote hali yake ya uhamiaji, siiandiki mahali popote nikiambiwa, na kila msaada ambao ningempa yeye peke yake najitahidi kuupanga uwe wa darasa zima, ili autumie bila kujitaja. Yote ninayoyaeleza hapa chini yanatokana na kanuni hiyo.

Kwanza tuielewe sheria, kwa maana wahadhiri wengi wanachanganya mambo. Tarehe 15 Juni 1982 Mahakama Kuu ya Marekani, katika shauri la Plyler dhidi ya Doe lililotokea mji wa Tyler, Texas, iliamua kwa kura 5 dhidi ya 4 kwamba shule za umma haziwezi kumnyima mtoto elimu kwa sababu hana makaratasi. Wilaya ile ya shule ilikuwa ikiwatoza watoto hao dola 1,000 kwa mwaka. Uamuzi huo unaishia kidato cha mwisho. Chuo hakimo. Ndiyo maana mtoto anaweza kukaa miaka 12 akipokea vyeti vya tabia njema, kisha akafika kwenye fomu ya misaada ya serikali kuu, FAFSA, akagundua kwamba fomu ile haimhusu. Wengine hugundua hali yao siku hiyo hiyo, wanapomuuliza mama namba ya Social Security, ile tunayoiita soshal, na mama akakaa kimya.

Jambo la pili ni DACA, mpango wa kuwakinga kwa muda vijana walioletwa utotoni wasifukuzwe nchini na kuwapa kibali cha kazi, uliotangazwa na Rais Obama tarehe 15 Juni 2012, miaka 30 kamili baada ya uamuzi wa Plyler. Wahadhiri wenzangu wengi bado wanadhani kwamba kila kijana asiye na makaratasi "ana DACA", kwa hiyo anaweza kufanya kazi. Tufanye hesabu ndogo. Sharti mojawapo ni kuwa umeishi Marekani mfululizo tangu tarehe 15 Juni 2007. Mwanafunzi anayeanza chuo leo akiwa na miaka 18 alikuwa hajazaliwa, au alikuwa mchanga, tarehe hiyo ilipopita. Zaidi ya hayo, tangu uamuzi wa mahakama moja ya Texas wa Julai 2021, maombi mapya hayapitishwi, na wanaonufaika ni wale wa zamani wanaohuisha vibali vyao kila baada ya miaka miwili. Kwa hiyo kundi kubwa la wanafunzi hawa, ambao kwa makadirio ya mwaka 2023 walifika zaidi ya 400,000 katika vyuo vya nchi nzima, hawana kibali cha kazi wala matumaini ya karibu ya kukipata. Ukimwambia kijana wa namna hiyo "si uombe DACA tu", unamwonyesha kwamba umesikia habari zake za mwaka 2012.

Tatu ni ada. Texas ilikuwa jimbo la kwanza, mwaka 2001, kuwaruhusu wanafunzi hawa walipe ada ya mkazi wa jimbo, na California ikafuata mwaka huo huo. Majimbo mengine mengi yalifanya hivyo baadaye. Lakini Florida iliifuta ruhusa yake kuanzia Julai 2025, na tarehe 4 Juni 2025 serikali kuu iliishtaki Texas, Texas ikakubaliana na mshtaki wake siku hiyo hiyo, na sheria iliyodumu miaka 24 ikaanguka ndani ya saa chache. Minnesota na Kentucky nayo yalishtakiwa mwezi huo huo. Minnesota naitaja kwa sababu ndugu zetu wa Afrika Mashariki ni wengi huko, na Texas kwa sababu ya Watanzania na Wakenya wa Houston na Dallas. Mwanafunzi aliyelala akiwa mkazi wa jimbo aliamka akiwa mgeni, na ada ya mgeni katika vyuo vingi vya umma ni mara mbili au tatu ya ile ya mkazi.

Mhadhiri hawezi kuibadilisha sheria hiyo, wala siandiki kumtaka aibadilishe. Anachoweza kukibadilisha ni silabasi yake, fomu zake, safari zake na mdomo wake. Nitaendelea baada ya kusikia maoni yenu.

Foleni Ndefu ameandika:

Mwalimu, nimekusoma kwa makini na sina sababu ya kukutukana, lakini nina neno. Mimi nilikuja kwa visa ya F-1, ile ya wanafunzi. Nilipanga foleni ubalozini mara mbili, nikalipa ada ya mgeni miaka minne, nikafanya kazi ndani ya chuo tu kwa saa 20 kwa wiki kama sheria inavyotaka, huku baba yangu akiuza shamba la minazi ili nimalize. Kwa nini aliyefuata utaratibu alipe zaidi kuliko aliyeukiuka? Na kwa nini mhadhiri, ambaye analipwa na kodi, ajipe kazi ya kumsitiri mtu ambaye sheria haimtambui?

Mwalimu wa Takwimu ameandika:

Ndugu Foleni Ndefu, swali lako ni la haki, na shamba la minazi si jambo la kupuuzwa. Nitakujibu kwa mambo mawili.

Kuhusu ada, sheria ya California haimwangalii mtu kwa kukosa kwake makaratasi. Msingi wake ni miaka mitatu ya kusoma sekondari ndani ya jimbo na kuhitimu humo. Iliandikwa hivyo kwa sababu sheria ya serikali kuu ya mwaka 1996 inakataza kumpa asiye na kibali nafuu ya ada inayotokana na ukazi wakati raia wa jimbo jingine anainyimwa. Kwa hiyo raia aliyesoma sekondari California, akahamia Nevada, akarudi kusoma chuo, naye ananufaika kwa kifungu hicho hicho. Majimbo kadhaa yaliiga namna hiyo. Aliyekiuka utaratibu, kama tunataka kulitumia neno hilo, ni mzazi. Majaji wa mwaka 1982 walilisema wazi kwamba si haki kumwadhibu mtoto kwa tendo la mzazi wake.

La pili linakuhusu wewe mwenyewe, nami naomba wahadhiri walisome mara mbili. Umbali kati ya mwenye F-1 na asiye na makaratasi ni mfupi kuliko unavyodhani, na mara nyingine mhadhiri ndiye anayeupunguza. Mwanafunzi wa shahada ya kwanza mwenye F-1 lazima awe na krediti 12 kila muhula, na katika hizo ni somo moja tu la mtandaoni linaloweza kuhesabiwa. Sasa chukua kijana wa Mombasa au Mwanza ambaye karo imechelewa kufika kwa sababu dola imepanda, anafanya vibaya katika somo lako, anakuja ofisini, nawe kwa huruma unamwambia, "Liache hili somo, utalirudia muhula ujao." Anakusikiliza, kwa sababu wewe ni mwalimu wake. Anashuka kutoka krediti 12 hadi 9 bila idhini ya ofisi ya wanafunzi wa kimataifa, na kumbukumbu yake katika SEVIS, mfumo wa serikali wa kufuatilia wanafunzi wa kigeni, inafungwa. Ana miezi mitano ya kuomba arudishiwe hadhi, kwa ada na kwa maelezo, na jibu linategemea ofisa atakayeyasoma. Nimemwona kijana mmoja akipita njia hiyo yote kwa sababu ya sentensi moja ya mhadhiri aliyempenda. Ndiyo maana siku hizi kabla ya kumshauri yeyote aache somo husema, kwa kila mwanafunzi bila ubaguzi: "Kabla hujabonyeza kitufe, pitia ofisi inayoshughulikia usajili wako, na kama una visa, pitia ile ofisi nyingine." Sijamuuliza kama ana visa. Amesikia anachopaswa kusikia.

Na tafadhali, tuache ule ushauri wetu wa Kiswahili wa "rudi nyumbani ukaombe visa upya". Tangu sheria ile ya 1996, aliyekaa bila kibali zaidi ya siku 180 baada ya kutimiza miaka 18 akitoka nje anafungiwa miaka 3 asirudi. Akipitisha mwaka mmoja anafungiwa miaka 10. Kijana wa miaka 19 na miezi mitatu anayepanda ndege kumzika bibi yake Moshi huenda akarudi darasani akiwa na miaka 29. Ushauri wa namna hiyo ni wa mwanasheria wa uhamiaji, na hata mhadhiri wa sheria anapaswa kuuachia mwenye kazi hiyo.

Bi Sindano ameandika:

Mwalimu, asante kwa kuufungua mjadala huu. Mimi nafundisha uuguzi Texas, na naomba niongeze upande ambao watu wa takwimu hawauoni.

Katika fani yetu mwanafunzi anaweza kufaulu miaka miwili, kisha akagonga ukuta siku ya kwanza ya mafunzo ya wodini, kwa kuwa hospitali inataka uchunguzi wa rekodi za jinai unaoanza na soshal. Baada ya hapo kuna leseni ya jimbo, na kila jimbo lina masharti yake: California tangu 2014 ina sheria inayoruhusu leseni nyingi za taaluma kutolewa kwa namba ya mlipa kodi badala ya soshal, lakini si majimbo yote yamefanya hivyo. Zamani nilikuwa nangoja mwanafunzi akwame ndipo nimweleze. Niliona nafanya hisani ya kutomkatisha tamaa mapema. Kumbe nilikuwa nakula ada yake ya miaka miwili. Sasa katika wiki ya kwanza nalieleza darasa zima, watu 40 pamoja, kila hatua kuanzia wodini mpaka leseni inahitaji karatasi gani, nani anaulizwa nini, na ni fani zipi jirani ambazo hazina sharti hilo. Nawapa kwenye ukurasa mmoja. Anayehitaji kufikiri upya anafikiri akiwa bado na muda, wala hakuna aliyemwona akishtuka.

Jingine ni safari. Wenzetu wanaofundisha jiolojia, historia na biolojia hupenda kuwapeleka wanafunzi nje. Huku kusini mwa Texas, mwanafunzi anayeishi McAllen au Edinburg hafiki San Antonio kwa barabara kuu bila kupita kituo cha ukaguzi cha walinzi wa mpaka, kama kile cha Falfurrias, kilichoko zaidi ya kilomita 100 ndani ya nchi. Mtu akijifungia maisha yake ndani ya wilaya tatu, huwezi kumwambia kwamba safari hiyo ni asilimia 20 ya alama. Kwa usafiri wa ndege, tangu Mei 2025 leseni ya kawaida ya udereva isiyo na alama ya REAL ID, yaani ya vigezo vya serikali kuu, haitoshi yenyewe uwanjani. Pasipoti hai ya nchi ya nje inakubaliwa, lakini ni mwanafunzi mwenyewe anayejua kama anataka kuitoa mbele ya ofisa. Mimi siku zote naweka kazi mbadala yenye uzito ule ule, naiandika kwenye silabasi pamoja na safari, wala simtaki mtu anieleze kwa nini ameichagua. Wanaoichagua ni wengi: yupo mwenye mtoto mchanga, yupo anayeogopa ndege, yupo mwenye kazi ya usiku. Katika wingi huo yule mmoja hajulikani.

Sina Jina ameandika:

Shikamooni walimu wangu. Sitasema nasoma wapi wala nilitoka mji gani. Nilikuja na miaka sita. Nimejifunza Kiswahili sanifu kwa kusoma jukwaa hili, kwa hiyo mnisamehe nikikosea.

Naomba niwaambie yanayotokea kabla hata hamjajua lolote. Siku ya kwanza ya muhula mwalimu huwa anatuzungusha tujitambulishe: jina, ulikozaliwa, na mara ya mwisho ulikwenda lini kwenu. Mimi nina majibu matatu ya uongo niliyoyakariri, na kila muhula lazima nikumbuke nilimwambia nani lipi. Katika somo la uandishi tulipewa insha yenye kichwa "Safari ya familia yangu kuja Marekani". Niliandika safari ya majirani zetu Wakongo, waliotoka kambi ya Nyarugusu kwa utaratibu wa wakimbizi, nikaigeuza kuwa yetu. Nilipata C, na pembeni mwalimu akaandika kwamba insha haina hisia za mwandishi. Alikuwa sahihi. Hisia zilikuwa za watu wengine.

Yupo mwalimu mmoja aliyenifaa, na sidhani kama anajua. Kwenye silabasi yake, chini ya saa za ofisi, aliandika kwamba mtu mwenye jambo lolote linalomzuia kufanya kazi kama ilivyopangwa anaweza kumwambia jambo linalohitajika bila kumwambia sababu. Basi nilimwambia, "Nahitaji siku nne zaidi." Akasema, "Sawa." Siku hizo nne tulikuwa tunahama nyumba usiku.

Na mkishaambiwa, tafadhali msituambie kwamba sisi ni mashujaa. Mimi nataka kujua kama jibu la swali la tano ni sahihi.

Foleni Ndefu ameandika:

Mdogo wangu, marahaba. Kiswahili chako kinamshinda mtangazaji. Mimi niliuliza habari ya haki na bado sijabadilisha mawazo yote, ila kwa habari ya insha ile naona mwalimu ndiye aliyepaswa kupewa C. Mwalimu wa Takwimu, rudi kwenye fedha, maana ndipo ulipoanzia na hujapamalizia. Kama hawezi kuajiriwa, unamlipaje bila kuvunja sheria?

Mwalimu wa Takwimu ameandika:

Sina Jina, asante. Nimeifuta ile zamu ya kujitambulisha kwenye darasa langu baada ya kukusoma. Nilikuwa bado naifanya. Sasa nitawauliza ni programu gani wamewahi kuitumia kuchora grafu, jambo ambalo hata hivyo ndilo ninalohitaji kulijua.

Ndugu Foleni Ndefu, kwa habari ya fedha. Tangu mwaka 1986 kila mwajiri Marekani lazima ahakiki kwa fomu ya I-9 kwamba anayemwajiri ana haki ya kufanya kazi, na chuo ni mwajiri kama wengine. Sitamshauri mtu yeyote aikwepe fomu hiyo, wala amlipe mwanafunzi kwa mkono ndani ya bahasha, kwani siku ya siku anayeumia ni mwanafunzi. Bodi inayoviongoza vyuo vya University of California ililitafakari kwa muda mrefu suala la kuwaajiri wanafunzi hawa wazi wazi, na Januari 2024 ikaliahirisha. Mwaka huo huo gavana wa California alikataa kutia saini muswada wa jambo hilo. Kwa hiyo mlango huo mhadhiri mmoja hataufungua peke yake.

Lakini ufadhili wa masomo si mshahara. Tuzo ya mwanafunzi bora haidai kazi, haina I-9. Posho ya kujifunza utafiti, ikiwa imepangwa kweli kama mafunzo na ofisi ya sheria ya chuo imeipitia, nayo huwa njia katika vyuo kadhaa. Nilipoanza kuchunguza idarani kwetu, niligundua tuna tuzo ndogo iliyoachwa na mhadhiri mmoja marehemu, na kwenye fomu ya maombi kuna mstari unaosema mwombaji awe raia au mkazi wa kudumu. Nikaomba kuiona hati ya mfadhili. Mzee yule hakuandika neno hilo hata mara moja. Aliandika "mwanafunzi anayependa hesabu". Mstari wa uraia uliongezwa na karani aliyenakili fomu ya ufadhili mwingine. Tukauondoa katika kikao cha dakika kumi, bila hotuba, na hakuna aliyetajwa jina. Wahadhiri, fungueni mafaili ya tuzo zenu. Nina hakika idara yangu si ya pekee kwa uvivu wa makarani.

Barua za kumpendekeza mwanafunzi nazo zina mtego wake. Tunapompenda mtu tunataka kusimulia magumu aliyoyapitia. Usiyasimulie, isipokuwa mwenyewe amekuomba na ameisoma barua kabla haijatumwa. Andika kwamba alikokotoa makosa sanifu kwa mkono wakati programu ilipokataa. Hilo linatosha na ni kweli.

Kuna ombi jepesi pia: waelekezeni wanafunzi wote, mwanzoni mwa muhula, kwamba FERPA inaruhusu chuo kutoa "taarifa za orodha" bila idhini, na kwamba taarifa hizo zinaweza kujumuisha anwani na hata mahali pa kuzaliwa, ila mwanafunzi ana haki ya kwenda kwa msajili na kuzifunga. Wengi, wakiwemo raia wanaomkimbia mpenzi wa zamani, hawajui.

Na msisahau watoto ambao ni raia wenyewe lakini wazazi wao hawana makaratasi. Hao wana haki kamili ya FAFSA, lakini fomu inataka taarifa za mzazi. Fomu mpya ilipozinduliwa mwishoni mwa Desemba 2023, wazazi wasio na soshal walishindwa kuijaza kwa miezi kadhaa, na tarehe za mwisho za ufadhili zikawapita watoto wao. Siku hizi kinachowazuia ni hofu zaidi kuliko kompyuta. Mhadhiri asiwaambie wajaze wala wasijaze. Awape namba ya ofisi inayoaminika na aseme kwamba tarehe inakaribia.

Bi Sindano ameandika:

Nawaongezea wale wanaodhani kwamba wahadhiri hawawezi lolote pale sheria inapofunga mlango kabisa. Bodi ya vyuo vya umma Georgia ilipowazuia wanafunzi hawa wasidahiliwe katika vyuo vyake vyenye ushindani mkubwa, wahadhiri wa University of Georgia, mjini Athens, walianzisha mwaka 2011 madarasa ya bure nje ya chuo, wakayaita Freedom University, wakafundisha kwa kujitolea masomo ya kiwango cha chuo na kuwasaidia vijana kuomba nafasi katika vyuo vya majimbo mengine. Hawakuvunja sheria yoyote. Walifundisha, kazi wanayoijua.

Swali langu kwa Mwalimu ni hili, maana tangu Januari 2025, ule mwongozo uliowazuia maofisa wa uhamiaji kuingia shuleni na makanisani isipokuwa kwa nadra ulipofutwa, wanafunzi wananiuliza: wakija mlangoni tukiwa darasani, tufanye nini?

Mwalimu wa Takwimu ameandika:

Bi Sindano, nitaeleza tulivyoelekezwa na mwanasheria wa chuo chetu. Kila mmoja amuulize wa kwake, kwa kuwa taratibu hutofautiana.

Zipo hati za aina mbili, nazo kwa macho ya haraka zinafanana. Hati ya mahakama imetiwa saini na jaji, na inataja mahali panapopekuliwa au mtu anayetafutwa. Hati ya kiutawala, kama zile za fomu I-200 na I-205, imetiwa saini na ofisa wa uhamiaji mwenyewe, na peke yake haimpi ofisa ruhusa ya kuingia mahali ambapo si pa wazi kwa kila mtu. Uwanja wa chuo na mkahawa kwa kawaida ni mahali pa wazi. Darasa wakati wa kipindi, ofisi ya mhadhiri na bweni kwa kawaida si pa wazi.

Mhadhiri si jaji wa kupima hati. Tulichoambiwa ni kutoka nje, kufunga mlango nyuma yako, na kusema kwamba huna mamlaka ya kuruhusu mtu aingie wala ya kutoa taarifa za mwanafunzi, kisha kupiga simu kwa ofisi iliyoteuliwa na kungoja. Usidanganye, usimfiche mtu kabatini, usisimame kifua mbele kumzuia ofisa aliyeamua kupita. Usijibu kama fulani yupo au hayupo, maana hata "hayupo leo" ni taarifa. Namba ya ofisi hiyo nimeibandika upande wa ndani wa mlango wangu wa ofisi, chini ya ratiba ya basi, na kila mwanafunzi anayeingia huiona anapotoka. Mwaka jana wawili waliipiga picha. Mmoja namjua ni raia. Wa pili simjui, na sijajaribu kujua.

Foleni Ndefu ameandika:

Swali la mwisho, Mwalimu, kisha nawaacha. Yule binti wa mkanda wa begi alimaliza?

Mwalimu wa Takwimu ameandika:

Alimaliza, mwezi Mei, muhula mmoja nyuma ya wenzake. Mwaka wake wa mwisho aliomba ile tuzo ya marehemu, na mimi sikuwa katika kamati wala sikuambiwa ameomba; niliona jina lake kwenye tangazo. Wiki moja baada ya mahafali nilikuta bahasha chini ya mlango wangu. Ndani mlikuwa na kitabu cha mazoezi nilichomwazima mwaka wa pili na karatasi ndogo iliyoandikwa kwa Kiswahili, bila jina: "Mwalimu, jibu la nyuma ya kitabu, ukurasa wa 212, limekosewa. Nimelirekebisha kwa penseli." Nimelikokotoa mara mbili. Ni kweli lilikosewa.